Samaki wa Ulaya anapimwa, wa kwetu analiwa tu

Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kumkata sangara kipande cha mgongoni. Si kipande cha kupika. Ni gramu hamsini tu, nyuma ya kichwa, bila ngozi wala mfupa. Kwanza unamlaza kwenye ubao, unaandika urefu. Unampandisha mizani, unaandika uzito. Unaandika ametoka mwalo gani. Kisha unavaa glovu mpya, unachukua kisu kilichosuuzwa kwa maji ya maabara, mfuko mdogo wenye namba, na barafu. Mwanzoni nilikuwa nikimwonea huruma samaki mzima mwenye kidonda kimoja. Baadaye nikazoea, mkono ukawa unakata wenyewe huku mdomo unasimulia mambo ya harusi ya jana.

Kiwanda sikitaji jina, na wala hakikuwa kibaya kuliko vingine hapa Mwanza. Sangara aliingia kwa mlango wa mbele akiwa mzima, akagawanyika humo ndani. Minofu ilikwenda kwenye maboksi, ikapanda ndege. Mabondo, yaani vibofu vya hewa, yaliwekwa peke yake kama dhahabu, maana bei yake ni ya dhahabu. Na mapanki, yaani kichwa, mgongo na mkia vyenye nyama iliyobaki mifupani, yalitoka kwa mlango wa nyuma, ambako akina mama walikuwa wamesimama na mabeseni tangu alfajiri.

Cheti nilichokijaza kilifuata minofu. Kilisema samaki huyu amepimwa, zebaki yake haizidi kiwango, anafaa kuliwa na mtu wa Madrid. Mapanki hayakuwa na cheti. Siku moja nilitokea huko nyuma kununua ya kwangu, maana na mimi nina watoto, na mama mmoja mkubwa kwa umri aliyeniona na koti jeupe akaniuliza, "Mwanangu, hao samaki mnawapima kwa ajili ya nani?"

Nikamjibu, "Kwa ajili ya wanunuzi, mama."

"Na mimi si mnunuzi?"

Nilicheka, naye akacheka, nikaondoka na mapanki yangu. Lakini swali lile halikuniacha hadi nilipostaafu, na ndilo linaloniandikisha leo.

Wenye umri wangu mtakumbuka jinsi vipimo hivi vilivyokuja. Mwaka 1998 Ulaya ilitufungia soko kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 ikatufungia tena, sisi na Wakenya na Waganda, safari hii kwa sababu kuna wavuvi walikuwa wakimwaga sumu ya wadudu ziwani ili samaki waelee haraka. Viwanda vikasimama, bei ya sangara mwaloni ikaanguka, na nyumba nyingi za Igogo na Kirumba zikalala njaa. Hapo ndipo kila mtu alipogundua umuhimu wa maabara. Leo tunayo maabara ya taifa ya ubora wa samaki pale Nyegezi, yenye wataalamu ninaowaheshimu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, na kwa kweli kumwaga sumu kulipungua. Ila ukitazama vizuri utaona dozi imeandikwa kwa jina la mgeni.

Nichukue kile kiwango chenyewe. Ulaya inaruhusu nusu miligramu ya zebaki kwa kilo moja ya sangara. Sangara wetu wengi wako chini ya hapo. Tafiti za miaka mingi zimesema hivyo na nilichokiona kwa macho yangu kinakubaliana nazo. Wanaopanda ni wale wakubwa wakubwa, mazee ya ziwa, yaliyokula wenzao kwa miaka. Kwa hiyo mtu akisoma kiwango na matokeo anasema tuko salama, twende nyumbani.

Lakini kiwango kile kimewekwa kwa soko la watu wanaomla samaki mara chache kwa wiki. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa chakula na afya walikadiria mwaka 2003 kwamba mtu asipokee kwa wiki zaidi ya maikrogramu 1.6 za zebaki ya samaki kwa kila kilo ya mwili wake, wakimfikiria hasa mtoto aliye tumboni. Mwanamke wa kilo 60, basi, mwisho wake ni maikrogramu 96 kwa wiki. Mpe samaki aliye sawasawa na kiwango cha Ulaya. Gramu 192 tu zimemaliza haki yake ya wiki nzima. Hiyo haifiki hata robo kilo! Mama wa kisiwa cha Ukerewe au cha Kome anayekula gramu 200 kila siku, na wako wanaokula zaidi, anahitaji samaki asiyezidi miligramu 0.07 kwa kilo. Samaki wa 0.3 anapita Ulaya bila kugusa ukuta, akapewa na muhuri. Samaki huyo huyo akibaki kisiwani, akaliwa mchana na usiku na mama mjamzito, hesabu inakuwa nyingine kabisa.

Hesabu hii haihitaji shahada. Nilikuwa nikiifanya nyuma ya fomu, kwa kalamu ya risasi, kisha naifuta.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya, mtu akaacha kula samaki akahamia kwenye soseji. Dagaa ni mdogo, anaishi muda mfupi, anakula vijidudu vya majini, na utamkuta akiwa na zebaki kidogo sana. Sato naye chakula chake kingi ni cha chini. Zebaki hupanda ngazi: vijidudu wakaila, dagaa akawala vijidudu, sangara akamla dagaa, sangara mkubwa akamla sangara mdogo, na kila ngazi inazidisha. Ukimkuta mama mjamzito mwambie ale dagaa kwa raha zake na asimkimbilie sangara wa kilo thelathini. Na kuchemsha, kukaanga au kubanika hakuitoi zebaki, maana imeshikana na nyama yenyewe. Habari hii ya sentensi tatu sijawahi kuiona imebandikwa kwenye mwalo wowote, na nimetembea mialo mingi.

Watu huuliza kwa nini tumsumbue samaki badala ya kupima maji. Kwa sababu maji hayatunzi kumbukumbu. Ukichota chupa leo, umepata habari ya leo, na zebaki iliyomo ni kidogo mno kiasi kwamba vumbi la mkono wako linaweza kuizidi. Samaki ameishi na kula ndani ya maji hayo kwa miaka, na huikusanya zebaki hata mara milioni kuliko maji aliyomo. Mnandi anayekausha mabawa juu ya mawe ya Mwanza ameila hesabu hiyo kwa niaba yetu na kuiandika kwenye manyoya yake. Fisi maji vivyo hivyo. Hata ile kuvumwani ya rangi ya majivu inayong'ang'ania magome ya miti ina la kusema. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Japani waliitumia kwenye maeneo ya machimbo ya kanda ya ziwa, nayo ikaonyesha zebaki ya hewani.

Na zebaki ya hewani ipo. Aliyewahi kukaa Geita anajua. Mawe hupondwa kwenye karasha, unga hupitishwa kwenye maji, zebaki ikamwagwa ili ishike dhahabu, kikabaki kidonge cheupe kizito kama gololi. Kidonge kinachomwa kwenye kopo, mara nyingi nyumbani, mara nyingi karibu na jiko la ugali. Dhahabu hubaki, zebaki hupanda juu ikaja kutua popote inapotaka. Nyingine hubaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, mvua ikaisukuma mtoni. Ikifika kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa ile aina inayoingia mwilini na kukaa. Wachimbaji si chanzo pekee, na kuwasukumia lawama zote ni uvivu. Moshi wa mapori yanayochomwa na udongo unaosombwa kutoka milima iliyovuliwa miti navyo huleta zebaki ziwani. Tungejua kipi kinaleta kiasi gani kama tungepima kila mwaka mahali palepale. Hatupimi hivyo.

Hapa lazima nimtaje mzee mmoja wa Japani. Tarehe 1 Mei 1956 hospitali ya kiwanda katika mji wa Minamata ilitoa taarifa ya ugonjwa usiojulikana wa mishipa ya fahamu. Kabla ya watu, paka walikuwa wameshaonyesha. Walikuwa wakiyumba, wakizunguka kama walevi, wakijitupa baharini. Wavuvi waliwaona na kuwasimulia. Kiwanda cha Chisso kiliendelea kumwaga zebaki kwenye ghuba ile mpaka 1968, miaka kumi na miwili baada ya taarifa. Madaktari wa wakati ule waliamini kondo la nyuma humkinga mtoto na sumu. Huyo mzee wangu, Masazumi Harada, wakati ule daktari kijana, aliwatazama watoto waliozaliwa na ulemavu, akawasikiliza mama zao, akakataa kuamini. Ushahidi ukaja kupatikana mahali ambapo bibi yangu angeuelewa mara moja, yaani kwenye kitovu. Wajapani huhifadhi kitovu cha mtoto kilichokauka ndani ya kisanduku kidogo. Vitovu hivyo vilipopimwa, zebaki ikakutwa mle mle, imekaa miaka yote ikisubiri kuulizwa.

Sisi kitovu tunakizika, tena tunajivunia mahali kilipozikwa. Sisemi tuache.

Harada huyo huyo, akiwa ameshazeeka kwa kazi ile, yeye na wenzake walikuja kuyaulizia na haya ya kwetu. Miaka ya 1990 walipima nywele za wachimbaji, za wavuvi na familia zao, na za wakazi wa Mwanza. Nywele ni daftari zuri. Hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na kila sentimita imebeba habari ya mwezi wake. Wengi walikutwa na kiwango cha kawaida. Lakini kulikuwa na wachache waliokutwa na zebaki ya kutisha, na chanzo kilichoshukiwa hakikuwa samaki wala machimbo. Kilikuwa sabuni. Ile sabuni ya kujichubua, iliyokuwa ikiuzwa madukani mchana kweupe, ilikuwa na zebaki.

Nilipoisoma habari hiyo nikiwa kazini nilikaa chini. Dada yangu aliitumia sabuni ile miaka mitatu. Tulikuwa tukimtania kwa vifundo vyake vya vidole vilivyokataa kuwa vyeupe. Nani angejua, kama watu wale wasingekuja na mikasi yao?

Upande wa pili wa jambo hili, yaani kukosa vipimo vya nyuma, tuliuona Machi 2022. Maji ya Mto Mara, kule karibu na Daraja la Kirumi, yaligeuka meusi, yakanuka, samaki wakaelea. Picha zikazunguka kwenye simu nchi nzima. Kamati ya serikali ikaenda, ikarudi na jibu kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza majini. Nchi ikacheka. Vibonzo vikachorwa vya ng'ombe wakiomba radhi. Mimi sikucheka. Nawajua wanaofanya kazi za namna hii, na ninajua kwamba uozo mwingi unaweza kumaliza hewa ya majini na kuwaua samaki. Huenda walisema kweli tupu. Tatizo ni kwamba hapakuwa na daftari ambalo mwananchi angefunguliwa na kuambiwa: huyu kambale wa mto huu mwaka 2012, huyu wa 2015, huyu wa 2019, na huyu wa juzi, tazama mwenyewe kilichobadilika na kisichobadilika. Pasipo daftari, jibu la kitaalamu na uvumi wa kijiweni vinakuwa na uzito mmoja. Imani haiwezi kuundwa kwa kamati ya wiki moja.

Wenzetu daftari hilo wanalo. Kanada walianza kuokota mayai ya shakwe kwenye maziwa yao makuu miaka ya 1970, wakayapima sumu za viwandani, na kila mwaka wakarudi kwenye viota vya makoloni yaleyale. Mayai mengine huyagandisha na kuyatunza. Ikitokea leo sumu mpya ambayo wakati ule haikuwa na jina, wanafungua friza na kuuliza yai la zamani. Nimewahi kumsimulia kijana mmoja wa ofisini habari hii, akasema, "Mama, hao wana hela." Sawa, wana hela. Lakini yai ni yai, na friza tunazo mpaka za kuuzia maji baridi.

Nasema hivi nikijua friza nayo ina visa vyake. Kuna maabara moja niliyowahi kufanyia kazi, siitaji, ilikuwa na sampuli za miaka sita. Sangara, sato, furu, gogogo, kila mfuko na namba yake, nusu ya kila kipande tulichokipima tukiitunza kwa ajili ya kesho. Ijumaa moja luku ikaisha. Aliyetakiwa kununua umeme alikuwa safarini, aliyebaki hakuwa na namba ya mita. Jumatatu tulifika tukaikuta harufu langoni. Tulizoa mifuko ile kwa sepetu. Namba za wino zilikuwa zimeyeyuka, mikononi mwetu ulibaki weusi. Mlinzi akamwaga vyote nyuma ya jengo, na paka wake wakala siku mbili mfululizo. Niliwatazama paka wale kwa wiki nzima kama wanatembea sawa. Wakubwa wangu waliniona nimechanganyikiwa.

Walikuwa wazima, tena walinenepa. Miaka sita ikawa imekwenda.

Najua kuna wanaosema mambo haya yakiandikwa gazetini yataharibu soko. Hoja hiyo naifahamu kwa sauti yake na mwendo wake. Tangu ile filamu ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, ambayo huku tuliiita filamu ya mapanki, mtu akitamka samaki na sumu katika sentensi moja anaonekana msaliti. Filamu ile nami ilinikera, kwa jinsi ilivyotuonyesha kama watu tusio na mdomo. Lakini soko liliharibiwa mwaka 1999 na sumu, halikuharibiwa na vipimo. Vipimo ndivyo vilivyolifungua. Na kitu kikinyamaziwa nyumbani hutangazwa na wengine. Watafiti walionunua sangara 20 na sato 20 sokoni hapa Mwanza wakawapasua matumbo, walithibitisha plastiki kwa samaki mmoja kati ya kila watano. Utafiti ukachapishwa mwaka 2016, kwa Kiingereza, dunia nzima ikausoma. Mama wa mabeseni aliyeuza pengine samaki wale wale hakuambiwa.

Ninachokitaka hakihitaji jengo jipya la kuzinduliwa. Nataka sehemu chache zichaguliwe na zisibadilishwe: ghuba ya Nungwe upande wa Geita, mdomo wa Mto Mara, pale Mto Mirongo unapomwaga uchafu wa jiji letu, na sehemu moja ya mbali huko Ukerewe ya kulinganishia. Kila sehemu, msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, wachukuliwe dagaa, sato na sangara wa ukubwa uleule, kwa sababu ukilinganisha sangara wa kilo mbili wa mwaka jana na wa kilo ishirini wa mwaka huu umejidanganya. Manyoya ya mnandi yaokotwe chini ya miti anayolala. Hakuna haja ya kumuua. Nusu ya kila sampuli igandishwe, na umeme wa friza hiyo uwe kwenye bajeti ya mtu mwenye jina. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, kwa hiyo kusema hatuna wajibu haiwezekani tena.

Na matokeo yaende mwaloni. Kwa Kiswahili, kwenye ubao ule ule ambapo BMU, yaani kikundi cha kusimamia mwalo, huandika ushuru na majina ya wadaiwa. Yaandikwe kwa kipimo cha mlaji wa hapa, anayekula kila siku, si cha Madrid. Wavuvi wataelewa. Mtu anayejua kusoma upepo wa Ziwa Victoria usiku hashindwi na tarakimu mbili.

Kuna siku nilimpa rafiki mmoja wa zamani, ambaye bado yuko kazini, karatasi yenye mawazo haya. Akaisoma hadi mwisho, akaikunja vizuri, akaniambia nimtumie kwa Kiingereza.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alitimiza siku arobaini, akanyolewa. Mama yake alitaka nywele zitupwe mahali safi kama desturi. Nikaomba nibaki na kidogo. Zimo kwenye bahasha ya kaki, kabatini, chini ya vitenge. Juu nimeandika tarehe, uzito wa mtoto siku aliyozaliwa, na vitu ambavyo mama yake alikula miezi mitatu ya mwisho kadiri alivyokumbuka: dagaa karibu kila siku, sato Jumapili, na mapanki ya sangara mara tano, moja likiwa kichwa kikubwa sana ambacho shemeji yake alileta kutoka kiwandani.

Nimeulizia mahali ambapo mtu binafsi anaweza kupeleka nywele zikapimwe. Kijana wa mapokezi alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Shikamoo bibi, kwani unataka kusafirisha?"